Tiba ya unene uliopitiliza: msitulazimishe kuchagua kati ya dawa na dayati (uzi mrefu, uzoefu wangu wa miaka 3)

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu sana kwasababu kila likiguswa hili jambo watu wanagawanyika, huku wanasema we punguza kula acha visingizio, huku wanasema kachome sindano za kupunguza uzito yaishe, na mimi nimewahi kuamini yote mawili kwa nyakati tofauti na yote yaliniumiza. Naomba mnivumilie.

Nina urefu wa mita 1.66 na siku naanza tiba mizani ilisoma kilo 143. Chukua kilo gawa kwa urefu, afu jibu gawa tena kwa urefu, kwangu ilikuja 51.9, hiyo ndo BMI, yani kipimo cha uzito kulingana na urefu. Ikifika 30 tayari unahesabiwa una ugonjwa wa unene, na 40 kwenda juu ndo daraja la tatu, lile tunaloita uliopitiliza. Najua BMI haitofautishi misuli na mafuta, ila kwenye 51 hakuna cha kubishana. Nilikuwa na presha, sukari imeshapanda bado kidogo iwe kisukari, magoti yanauma mpaka nikiona ngazi natafuta njia nyingine, na usiku nakoroma afu pumzi inakata kabisa. Mume wangu alikuwa ananiamsha akidhani nimekufa. Yani fikiria mtu analala na hofu hiyo kila siku.

Kabla ya hapo nimefanya dayati kubwa mara 6. Ile kali kuliko zote nilishusha kilo 19 kwa miezi 5, ndani ya mwaka na nusu zikarudi 24. Na kliniki moja niliyokuwa naenda kwa ajili ya magoti kila nikifika naambiwa kapunguze uzito kwanza ndo urudi, hakuna aliyeniambia napunguzaje wala nimuone nani. Nikaacha kwenda. Miaka 4 sikumuona daktari yeyote kwa aibu tu, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo kuliko hata kilo zenyewe.

Daktari aliyenisaidia alianza na kitu ambacho sikutegemea. Aliomba nimletee dawa zote ninazotumia, nikabeba mfuko mzima. Akakuta nameza amitriptilini kila usiku kwa maumivu, na ile ni mojawapo ya dawa zinazoongeza hamu ya kula na uzito. Akaibadilisha. Ziko nyingi za namna hiyo jamani, insulini yenyewe, baadhi ya vidonge vya kisukari, dawa za familia ya kotisoni, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili kama olanzapini. MSIACHE DAWA WENYEWE, ila muulizeni daktari kama kuna mbadala.

Afu tukaanza vitu vinne kwa mpigo: sindano ya semaglutaidi (dawa ya kupunguza hamu ya kula) mara moja kwa wiki, mtaalamu wa lishe, mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), na mashine ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala. Mwanasaikolojia alikuja baadae kidogo. Sa hivi ni miaka 3, niko kilo 112. BMI yangu ni 40 na pointi, kwahiyo kwa hesabu bado niko daraja lilelile la tatu. Lakini sukari imerudi kawaida, dozi ya presha imepunguzwa, na ngazi napanda. Maswali karibuni, ntajibu ninachokijua.

Mchangiaji wa 1

Hongera dada. Ila mimi ntasema ukweli, hizi sindano ni njia ya mkato. Mimi nilikuwa na kilo 96 nikaacha vinywaji vya sukari nikaanza kukimbia nikafika 81, nidhamu tu. Kalori ni kalori, mwili hauwezi kutengeneza mafuta kutoka hewani.

Mleta uzi

Kaka hongera kwa kilo 15, sio kitu kidogo na wala sibishani na kalori. Ukila pungufu utapungua, mimi mwenyewe nimepungua mara 6. Tatizo sio kushuka, tatizo ni kubaki huko chini, na hapo ndo watu wa uzito wangu wanapopotelea.

Mwili una homoni zinazolinda mafuta yake. Leptini iligunduliwa 1994, inatoka kwenye mafuta yenyewe inauambia ubongo akiba ipo. Ukipungua, leptini inashuka, ubongo unasoma kwamba kuna njaa kubwa imeingia. Ghrelini, ile ya tumboni inayoita njaa, inapanda. 2011 kuna utafiti wa Australia walichukua watu 50 wakawapa chakula cha kalori kidogo sana kwa wiki 10, wakapungua wastani wa kilo 13 na nusu, wakawapima tena mwaka mmoja baadae. Homoni za njaa zilikuwa bado zimevurugika, mwaka mzima! Na wale washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, walipopimwa miaka 6 baadae (majibu yalitoka 2016) miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotegemewa kwa mtu wa saizi yao. Hawa ni watu waliojituma kuliko mimi na wewe, na wengi wao uzito ulirudi.

Kwahiyo unaponiambia nidhamu, nakuelewa, ila fikiria nidhamu ya kubana pumzi. Unaweza ukabana, tena vizuri, lakini kuna kitu ndani kinakusukuma uvute hewa na kinazidi kila dakika. Sindano kwangu ilipunguza huo msukumo. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka 12 nilikula nikaacha chakula kwenye sahani bila kukiwaza mchana mzima. Nililia siku hiyo kwakweli.

Mchangiaji wa 2

Sawa sasa kama sindano imemaliza njaa hao wengine wa nini, mtu wa lishe sijui fiziotherapia? Si ungechoma tu ukaendelea na maisha?

Mleta uzi

Swali zuri sana na ndo sababu ya huu uzi.

Ukipungua haraka hupungui mafuta peke yake, na misuli inaondoka. Sasa mtu mwenye hamu ndogo ya kula anaweza akashinda siku nzima amekula vitu viwili vitatu visivyo na maana, mizani inashuka anafurahi, kumbe anapoteza nguvu za miguu. Mimi mwezi wa tatu nilishindwa kunyanyuka kwenye kiti cha chini. Mtaalamu wa lishe akaangalia daftari langu akakuta protini nakula kiduchu mno. Akanibadilishia mpangilio, protini naanza nayo kwenye kila mlo kabla sijashiba, mboga zinafata, wanga mwisho. Vinywaji vya sukari niliacha kabisa maana vile vinapita bila hata kukushibisha.

Na mazoezi yangu jamani yalianzia KITINI. Kukaa na kusimama mara 5, mapumziko, mara 5 tena. Kusukuma ukuta. Kutembea dakika 4. Kama kuna mahali pa kufanyia ndani ya maji ni pazuri sana kwasababu maji yanabeba uzito. Msimpeleke mtu wa kilo 140 kukimbia, mtamuua magoti. Kuna watu walipima wakaona kila kilo 1 unayopunguza inaondoa kama kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, kwahiyo subirini uzito ushuke kidogo ndo muongeze mwendo. Mimi nilifika dakika 150 kwa wiki baada ya mwezi wa 9 hivi, na vyuma vyepesi mara mbili kwa wiki.

Halafu usingizi. Mtu anayeamka mara 40 usiku kwasababu pumzi inakata, asubuhi unategemea awe na nguvu ya kupanga chakula? Ile mashine ilinirudishia akili, yani wiki ya pili tu nilikuwa mtu mwingine, na huo ndo muda nilianza kuweza kufuata ninayoambiwa.

Mchangiaji wa 3 (muuguzi, wodi ya kisukari)

Naomba niongezee kwa upande wa kazi. Dada kaeleza vizuri, na ushahidi uko upande wake. Ule utafiti mkubwa wa semaglutaidi wa 2021 uliokuwa na watu 1,961, WOTE walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua kama asilimia 2.4 ya uzito, wenye dawa asilimia 14.9, wiki 68. Tirzepataidi, sindano nyingine ya namna hiyo, mwaka uliofuata kwa dozi ya juu ilifika karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Kwahiyo kusema ushauri peke yake unatosha kwa unene mkubwa hapana. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyechomwa tu akaachwa.

Lakini kuna mambo lazima niyaseme kwasababu tunayaona wodini:

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi, dozi lazima ipangwe upya ukianza hizi sindano, la sivyo sukari inaanguka. Nimepokea mgonjwa amezimia kwa hilo.

Kama wewe au mtu wa familia yako aliwahi kupata saratani ya tezi ya shingo ile aina ya medula, hizi dawa sio zako. Uliyewahi kuvimba kongosho, mwambie daktari kabla hajaandika. Wanaopanga kubeba mimba, semaglutaidi inaachwa angalau miezi 2 kabla. Na tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hili wengi hawaambiwi wanashtukia wamebeba.

Maumivu makali ya tumbo yanayoenda mgongoni na kutapika kusikokoma, njoo hospitali, usisubiri. Kupungua haraka pia kunaleta mawe kwenye nyongo.

Na msinunue mikononi mwa watu. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu Ozempic (jina la dukani la semaglutaidi) feki zilizokamatwa nchi kadhaa. Hujui ndani ya hiyo kalamu kuna nini.

Mchangiaji wa 4

Asante muuguzi. Mimi nilichomwa miezi 7 nikashuka kilo 17 nikaacha kwasababu nilikuwa nimechoka na kichefuchefu, kilo 12 zimesharudi. Najiona nimefeli kabisa.

Mleta uzi

Ndugu yangu hujafeli hata kidogo, naomba unisikilize. Kwenye ule utafiti wa semaglutaidi waliwafuatilia baadhi mwaka mmoja baada ya kuacha kila kitu, dawa na ushauri, wakakuta theluthi mbili ya uzito uliopungua umerudi. Wewe umefanya kile ambacho mwili wa binadamu unafanya. Presha ikishuka kwa dawa ukaacha dawa ikapanda, hakuna anayesema umefeli.

Kuhusu kichefuchefu, ulipandishwa dozi haraka? Kawaida unaanza miligramu 0.25 unakaa wiki 4, 0.5 wiki 4, 1, 1.7, ndo 2.4, yani wiki 16 nzima kufika juu, na ukilemewa daktari anaweza kukuacha ulipo kwa muda. Mimi nilikaa kwenye 1 miezi mitatu. Kula kidogo kidogo polepole, mafuta mengi kwenye mlo mmoja yananiletea shida mpaka leo, maji mengi, na choo kigumu nilitibiwa mapema nisisubiri kiwe tatizo.

Na kuna utafiti mmoja wa Denmark naupenda sana. Watu 195, walianza na wiki 8 za kalori 800 kwa siku, wakashuka kama kilo 13. Afu wakagawanywa makundi manne kwa mwaka mzima: mazoezi peke yake, dawa peke yake (liraglutaidi, sindano ya kila siku), vyote viwili, na waliopewa sindano isiyo na dawa wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Wale wa mwisho walirudisha kama kilo 6. Wa mazoezi walirudisha kama 2. Wa dawa walibaki palepale. Waliochanganya WALIENDELEA KUSHUKA kilo 3 na zaidi. Na mwaka mmoja baada ya kusimamisha kila kitu, waliokuwa na dawa tupu walirudisha zaidi kuliko waliozoea mazoezi pamoja na dawa. Maana yake ile tabia ya mazoezi ilibaki kuwalinda hata dawa ilipoisha mwilini. Kwahiyo hata kama siku moja dawa itashindikana kwa sababu yoyote, unakuwa hujaachwa mikono mitupu.

Rudi kliniki. Mwambie daktari hivihivi ulivyoandika hapa.

Mchangiaji wa 5

Mbona hakuna anayeongelea upasuaji? Mimi nimekatwa mfuko wa tumbo miaka 5 iliyopita, nilikuwa BMI 58.

Mleta uzi

Tuambie mkuu, mimi hilo sijapitia. Daktari wangu tumeanza kuliongelea maana nimekaa kwenye 112 mwaka mzima.

Mchangiaji wa 5

Mimi nilifanyiwa ule wa kuondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, unabaki kama bomba jembamba. Watu wanadhani unapungua kwasababu tumbo ni dogo tu, kumbe ile sehemu ya juu inayoondolewa ndo inatengeneza ghrelini kwa wingi, kwahiyo na njaa yenyewe inabadilika. Kuna na baipasi, wanatengeneza kifuko kidogo juu wanakiunganisha na utumbo moja kwa moja. Wengi wanapungua robo ya uzito wao au zaidi. Kuna utafiti wa Sweden ulianza 1987, zaidi ya watu 4,000, nusu walifanyiwa upasuaji nusu hawakufanyiwa, na miaka ilivyokwenda vifo vilikuwa vichache kwa waliofanyiwa. Zamani vigezo vilikuwa BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa mwingine, lakini 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo walishusha, 35 unafaa hata bila ugonjwa mwingine.

Ila jamani sio mwisho wa kazi. Vitamini ni maisha yangu yote, B12, madini ya chuma, kalshamu, vitamini D, na damu inapimwa kila mwaka. Nilizembea mwaka wa pili nikaishiwa damu mpaka naona kizunguzungu. Pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani na kuna watu baada ya upasuaji wamehamishia kula kwao kwenye pombe, hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye kikundi chetu na tulimpoteza mmoja. Wanawake wanashauriwa wasubiri mwaka mpaka mwaka na nusu kabla ya mimba. Ngozi inaning'inia, inawasha, inakuvunja moyo ukivua nguo. Na mwaka wa nne kilo 11 zilirudi, nikaongezewa sindano juu ya upasuaji. Kwahiyo mimi natumia vyote, upasuaji, dawa, mtaalamu wa lishe na jimu, na sioni aibu.

Mleta uzi

Umenipa nguvu sana kwa hilo la kutumia vyote. Nilikuwa naogopa kwamba nikikubali upasuaji itakuwa kama nimekiri sindano imeshindwa.

Mchangiaji wa 3 (muuguzi)

Hapana haijashindwa. Na miongozo inaelekea hukohuko, Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa hizi dawa kwa unene, likasema zinaweza kutumika kwa muda mrefu kwa watu wazima isipokuwa wajawazito, na wanaotumia wanaweza kupewa na msaada wa karibu wa kubadili tabia. Msaada wa karibu sio kuambiwa kale vizuri ukiwa unatoka mlangoni. Programu nzuri unaonana na mtu angalau mara 14 ndani ya miezi 6 ya mwanzo.

Mchangiaji wa 1

Mimi yule wa nidhamu. Nimesoma mpaka hapa. Mdogo wangu ana kilo 150 na ushee na mimi nimekuwa namsema kila tukikutana, mbele za watu pia. Hajawahi kwenda hospitali. Nifanye nini sasa?

Mleta uzi

Kaka umenigusa. Anza na kumuomba msamaha, kweli, na usiweke "lakini" mwishoni. Siku hiyo usimwambie habari za sindano wala utafiti. Siku nyingine muulize kama angependa umsindikize kuonana na daktari, akikataa mwache, muulize tena baadae. Mimi aliyenipeleka ni dada yangu na alichosema ni kwamba "ntakaa na wewe ndani", basi. Sikutaka kuingia peke yangu chumba ambacho labda kiti hakinitoshi. Pigia kliniki mapema uulize kama wana viti vipana visivyo na mikono, mkanda mpana wa kupimia presha na mizani inayozidi kilo 150. Yeye hatauliza, atakufa na aibu yake, uliza wewe.

Mchangiaji wa 4

Nimeshapanga miadi wiki ijayo. Niende na nini?

Mleta uzi

Safi sana!! Beba dawa zako zote hata za maumivu na za mitishamba. Andika uzito wako wa juu kabisa maishani, kila njia uliyojaribu na ilikuchukua muda gani kurudi, na ile sindano, ulifika dozi ipi na kichefuchefu kilianza wiki gani. Magonjwa ya familia, hasa tezi ya shingo na kongosho. Andika ulichokula siku 3 za kawaida, za kawaida kweli, usiandike za kumfurahisha mtu. Omba wapime sukari, mafuta, ini, figo na tezi. Na kama kuna mtu unalala nae chumba kimoja, muombe leo usiku asikilize unavyopumua, aandike pembeni.